Uzoefu wangu na pampu ya Honda WB30XT: msimu wa nne, injini haijafunguliwa

Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, na pampu yangu ni Honda WB30XT ya inchi tatu, injini GX160. Huu ni msimu wake wa nne na injini haijawahi kufunguliwa. Naandika kwa sababu jirani zangu wawili injini zao zimekufa mwaka huu, zote kwa ajili ya oili, na inaniuma maana mimi mwenyewe pampu yangu ya kwanza niliipoteza hivyohivyo.

Ile ya kwanza nilikuwa naiongezea oili ikipungua, basi. Siku fundi alipoimwaga ilitoka nyeusi tii, nzito, na chini ya beseni tukaona chembe za chuma zinameta juani. Ringi zilikuwa zimeshaisha na silinda imekwaruzika.

Injini hizi ndogo hazina filta ya oili kama ya gari. Uchafu unaoingia unazunguka na oili ileile, ukitoka unatoka nayo. GX160 inabeba lita 0.58 tu, kwa hiyo oili hiyo kidogo inachoka haraka. Mimi natumia 10W-30. Ya kwanza inamwagwa baada ya masaa 20 au mwezi mmoja, kisha kila masaa 100 au miezi sita, kinachotangulia. Wengi wanashika hiyo miezi sita na kuyasahau masaa. Piga hesabu: ukimwagilia masaa matano kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki tano tu masaa 100 yametimia na vitunguu bado viko shambani! Ndiyo maana nina daftari limefungwa kwa kamba kwenye fremu ya pampu. Anayezima mashine anaandika masaa, awe mimi au kijana wangu.

Kumwaga, namwaga injini ikiwa bado na joto, oili inatiririka yote. Kupima, weka pampu mahali tambarare, futa kijiti cha kupimia oili, kiingize bila kukikaza, kitoe usome. Ukikikaza kitakudanganya.

Jambo lililonipendeza sana ni kinga ya oili, yaani kifaa kinachozima injini oili ikiwa chini. Siku moja mashine iligoma kabisa. Kijana alivuta kamba mpaka viganja vikamchubuka. Fundi wa pale akasema, "Kaka, hii kabureta imeziba, tuifungue." Nikamwomba asubiri kwanza tupime oili. Tuliikuta iko chini mno, na pampu yenyewe ilikuwa imeinamia mtoni. Injini ilikuwa imejikatia umeme ili isijiue. Tukainyoosha, tukajaza, ikawaka mvuto wa kwanza. Ile kabureta ingefunguliwa bure, na hela ningelipa.

Kwa vumbi la huku, chujio la hewa nalitazama kila asubuhi. Kitabu kinasema lisafishwe kila masaa 50, lakini kwenye vumbi usingoje kufika huko. Sponji naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, naikausha kabisa, naichovya kwenye oili safi kisha naikamua vizuri. Ile ya karatasi naigongesha taratibu tu. Usiioshe wala usiisugue kwa brashi, maana unausukuma uchafu ndani.

Plagi ni NGK BPR6ES, nafasi ya kurukia cheche milimita 0.7 hadi 0.8. Hapo kuweni macho. Duka moja liliniuzia bandia kwenye boksi zuri kabisa, na haikumaliza hata wiki mbili. Spea halisi ni ghali na huku hazipatikani kirahisi, hilo ndilo lalamiko langu kubwa. La pili ni tangi: lita 3.1 ni kidogo, lazima uongeze petroli kazini, na kuongeza injini ikiwa ya moto ni hatari kweli. Mimi naizima na kusubiri ipoe, hata kama jaruba halijajaa.

Tukishang'oa vitunguu, nafunga koki ya petroli na kuiacha injini ingurume mpaka ijizime yenyewe, tangi nalimwaga, kabureta nalegeza ile bolti ya chini imalizie matone. Petroli ikilala humo miezi inaacha utando unaonata, na hapo kabureta inaziba kweli. Msimu huu nimeitoa stoo, nikatia petroli mpya, ikawaka mvuto wa pili.