Uzoefu wangu na kipimo cha vakyumu: kutafuta taimingi ya kamshafti kwenye Corolla isiyoshika sailensa

Nilinunua kipimo hiki kwa ajili ya Toyota Corolla yangu, AE110 yenye injini ya 5A-FE, ambayo tangu ilipobadilishiwa mkanda wa taimingi (unaounganisha krankshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu) kwenye gereji moja hapa Arusha ilikuwa haishiki sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta: ilitetemeka kwenye foleni, ilikaribia kuzima nikiwasha AC na ilikosa nguvu mlimani, ingawa taa ya injini haikuwaka kamwe. Plagi zilikuwa mpya, na nilitaka kujua kama ipo sababu ya kufungua kava ya taimingi kabla ya kumlipa fundi kwa kazi hiyo.

Ni saa ya mshale inayopima vakyumu, yaani mvuto wa hewa ndani ya injini, yenye mpira mrefu, ambao huunganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa injini ikiwa imeshapata moto. Kasoro yake kubwa ni uso wenyewe. Eneo la kijani limechorwa kati ya inchi 17 na 22 za zebaki (kizio cha vakyumu), kiwango kinachofaa Dar es Salaam au Tanga. Arusha ina mwinuko wa mita 1,400 hivi, na usomaji hupungua takriban inchi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Injini nzima hapa husoma kati ya 12 na 17, kwa hiyo anayefuata rangi tu ataishia kufungua injini isiyo na tatizo.

Yangu ilisoma 9, na mshale ukatulia hapohapo. Utulivu huo una maana yake, kwa kuwa valvu iliyoungua huufanya mshale uanguke kwa vipindi vinavyolingana, ilhali mshale uliotulia chini mara nyingi huashiria hewa inayovuja kwenye manifoldi au taimingi iliyochelewa. Nilinyunyizia maji kwenye gasketi na mipira, mlio wa injini usibadilike. Kisha nikaona kwamba distributa, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi, ilikuwa imezungushwa karibu hadi mwisho, ujanja unaosahihisha muda wa cheche peke yake huku valvu zikiendelea kuchelewa.

Fundi mwingine alitoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, akafungua kava, akazungusha krankshafti kwa spana hadi mkato wa puli ukafika kwenye 0. Hapo tundu dogo la gia ya kamshafti linapaswa kulenga alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi (likiwa upande wa pili, krankshafti huongezewa mzunguko mmoja, kwani kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti). Letu lilikuwa nyuma kwa jino moja. Baada ya kurudisha mkanda alizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na kukagua alama upya, hatua ambayo nadhani gereji ya kwanza iliiruka. Mwishowe aliunganisha TE1 na E1, matundu ya soketi ya uchunguzi, ili kompyuta isibadilishe muda wa cheche, akarekebisha distributa kwa taa ya taimingi hadi nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Kipimo sasa kinasoma 15 na sailensa imetulia. Viungio vya plastiki ni dhaifu, na kimoja kimepasuka kwa joto la injini, lakini saa yenyewe ni imara. Anayekaa nyanda za juu ajichoree mstari wake juu ya kioo kwa kalamu ya wino usiofutika, kama nilivyofanya.