Albamu ya mpiga besi, mwenyewe katolewa ndani: uzoefu wangu na Heritage ya Richard Bona

Naandika hii hasira bado haijaniisha kwa hivo mnivumilie. Nimenunua sidi ya Heritage, albamu ya Richard Bona ya 2016, kwa duka moja hapa mjini Mombasa, jina la duka silitaji, na nlichouziwa ni albamu ya mpiga besi ambayo besi, lile gitaa la sauti nzito, haimo. Narudia, haimo kabisa. Na sauti yake ya kuimba pia haimo, waskia mwangwi tu kwa mbali. Tarumbeta ipo, trombone ipo, ngoma za tumba zipo, piano nusu nusu. Mwenye albamu ndiye hayupo.

Wapiga ala wenzangu mshajua kilichotokea. Wasiojua, iko hivi: besi na sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, yaani zatoka sawasawa spika ya kushoto na ya kulia, vitu vyengine ndo hutawanywa huku na huku. Sasa ukirikodi kwa waya ambao uzi wake wa ardhi umekatika pale kwenye jeki ya kuchomekea, zile pande mbili zaanza kutoana badala ya kujumlishwa, na chochote kilicho sawa pande zote mbili chafutika. Kwa hivo huyu mtu hata faili hakukopi. Alichomeka waya mbovu, akarikodi, hakuskiza hata wimbo mmoja, akachoma sidi, akaprinti kava kwa rangi nzuri, akaniuzia kwa bei ya orijino, na nlikuwa nshatanguliza nusu ya pesa tangu kabla ya Ramadhani nkingoja "mzigo watoka ng'ambo". Ni mtu akuuzie nazi keshaikamua tui.

Mtasema kwa nini usiskize kwa simu kama watu wote. Naskiza. Lakini mie ni mpiga besi, nshapiga harusi za hapa na mahoteli ya huku Pwani miaka mingi, napenda kushika kava nisome nani kapiga nini, na kuna vijana wawili watatu nawafundisha, nlitaka niwakalishe mbele ya spika kubwa waskie kitu kizima, si kile kivideo cha simu kinachokatika bando ikiisha.

Basi nkarudi dukani. Jua la saa saba, Digo Road imefunga, tuktuk haisongi, nafika nimelowa jasho. Kijana yuko kwa kaunta, salamu yangu kaiitikia macho yako kwa simu. Nkamueleza taratibu, kwa adabu kabisa. Akaitia sidi kwa mashine, akafungua sauti mpaka mwisho, akanambia, "Ami, hii si yapiga? Tarumbeta si hizo zaskika?" Nkamwambia babangu, shida yangu si tarumbeta, nataka besi. Akamtazama mwenzake, wakacheka, akasema, "Kwani ami kuna mtu huskiza besi?"

Wallahi nlinyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu, ni kwamba jibu lilikuwa refu na kulikuwa na watu wazima pale sikutaka kupaza sauti. Basi jibu lake hili hapa.

Huyo uliyemfuta kwa waya mbovu kazaliwa 1967 Minta, huko Kamerun, kwenye familia ya waimbaji na wapiga ala. Balafon, ala ya vibao vya kugonga, kaianza ana miaka minne, na kwa vile pesa ya kununua vyombo haikuweko akajitengenezea filimbi na magitaa kwa mikono yake. Akiwa kijana mdogo Douala, Mfaransa mmoja akafungua klabu ya jazz, akampa kazi na akamwachia santuri zake askize, na kwenye zile santuri ikawemo ile ya mpiga besi wa Marekani, Jaco Pastorius, ya 1976. Hapo ndo akageukia besi. Ebu fikirini hilo kidogo. Maisha ya mtu mzima yaligeuzwa na besi aliyoiskia kwenye santuri! Sasa kama ile santuri ingekopiwa na nyinyi, yule mtoto wa Douala angeskia nini? Si angeskia vyombo vyengine vyote na Jaco hayupo, akaendelea na gitaa lake, na leo hakuna Bona wa kunibandikia kwenye kava feki.

Kutoka Douala akaenda Ujerumani, halafu Paris akapiga na wanamuziki wakubwa wa Afrika kina Manu Dibango na Salif Keita, na 1995 akaingia New York. Mpiga kinanda Joe Zawinul akamchukua, yule yule Zawinul aliyekuwa na Jaco kwenye bendi ya jazz ya Weather Report. Akawa mkuu wa bendi ya mwimbaji Harry Belafonte. Mpiga gitaa Pat Metheny akamchukua kwenye albamu yake ya Speaking of Now ya 2002, na si kwa besi tu, hata kwa kuimba na kugonga ngoma. Huyo ndo mtu ambaye mwaona akitoka kwenye nyimbo zake mwenyewe hakuna kilichopungua.

Na albamu yenyewe, kwa wanaoiulizia: kakusanya wanamuziki wa Kilatini, Osmany Paredes wa Kuba kwenye piano, ndugu wawili wa Venezuela, Luisito na Roberto Quintero, kwenye ngoma, na wapulizaji wawili, akawaita Mandekan Cubano. Anachofanya ni kuufuata muziki wa Kuba nyuma mpaka kwa watu walioubeba, watumwa waliotolewa Afrika Magharibi. Aimba Kiduala, aimba Kihispania, jazz yaingia yatoka, na hakuna mahali utaona mshono. Wako wanaouliza hii ni jazz au ni salsa au ni nini. Swali hilo Mombasa halina maana hata kidogo. Santuri za muziki wa Kuba zenye lebo ya GV zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, Wakongo wakazishika ikatoka rumba, midundo hiyo ikaingia mpaka ndani ya taarab yetu, na mwimbaji wetu wa taarab Juma Bhalo naye akachukua melodi za filamu za Kihindi akaziwekea mashairi yetu na watu wakalia kwenye harusi. Sisi tumelelewa na muziki wa namna hii, kwa hivo ndo naumia zaidi, albamu hii ingekuwa yapigwa kila mtaa huku.

Lakini isipigwe bila besi, jamani! Kwa midundo hii ya Kuba besi haigongi ile moja, yaani pigo la kwanza la kila kipimo. Yatangulia, yaingia kabla kipimo kipya hakijaanza, halafu ile moja yenyewe yaachwa wazi, na pale palipoachwa wazi ndo kiuno chavutwa. Piano na tumba zaegemea hapo. Ukiiskiza hii sidi yangu, tumba zagonga vizuri tu lakini hazina pa kukaa, piano yazunguka yatafuta mtu haimpati, na tarumbeta ikiingia yapiga kelele, yaani yaudhi, na si kosa la mpulizaji maskini.

Nisiwafiche, hata hiyo orijino ina mambo yaniudhi. Nyimbo zengine fupi, ndo kwanza mambo yapamba moto zakatwa. Na Bona ajizuia sana, mtu mwenye vidole vile, wangoja solo ya kukutoa machozi haiji, yuwaimba tu kwa ile sauti laini na besi iko chini yatembea. Kwa simu ya mpwa wangu nliiskiza yote na ningekuwa naandika siku ile ningeipa tatu kwa tano. Nne labda, kwa ajili ya sauti.

Ila sasa nshaiskia bila yeye. Na siwezi tena kusema ajizuia. Nimekaa na hii takataka nyumbani nkaiskiza mwanzo mpaka mwisho kwa uchungu, halafu nkaiskiza tena kwa simu wimbo kwa wimbo, na kila mahali nlipokuwa nadhani ni Paredes anayenifurahisha, au ni kina Quintero, ni Bona amewashika kwa chini na noti mbili tu. Mbili! Akiondoka yote yaanguka. Wale mashuhuri wa kupiga noti mia kwa sekunde wakitolewa kwa nyimbo zao waeza hata usigundue. Kwa hivo ile tatu yangu naifuta. Tano. Zile nyimbo fupi bado zaniudhi lakini tano.

Duka sifuri. Mzee mwenye duka, huyo nimpe haki yake, alitoka nyuma aliposkia mabishano, akanikalisha, akaitisha maji, akazungumza na mie kiungwana. Lakini alichonipa mwishowe ni nichague sidi nyengine pale nichukue bure, nkatazama rafu nzima, makava yote yameprintiwa kwa mashine ile ile. Nkamwambia mzee wangu ahsante, mie nataka pesa yangu. Akasema kijana atanitumia kwa simu jioni. Jioni hiyo ishapita na nyengine kadhaa, nikipiga yule kijana hashiki.

Ukienda kununua sidi popote hapa mjini usitoe pesa kabla hawajaipiga mbele yako, na usisimame karibu na spika moja, simama katikati, uweke mkono juu ya kaunta. Kama mbao haitetemeki, rudi nyumbani. Na kama kuna mtu ana Heritage orijino, hata iliyotumika, nitafute, nainunua leo.