Chokaa wameiita kutu, kutu wameiacha

Nianze kwa haki: kulinganisha injini na shafti (ile fimbo ya stenlesi inayozungusha propela) zikae mstari mmoja, hawa mafundi wa hapa Mombasa wanajua. Boti haitetemeki. Nilikuwa nimewawekea nyota tatu.

Lakini hili la shafti! Imetoka majini na ganda jeupe gumu, unene wa kucha. Fundi akaitupia jicho kwa mbali: "Bosi, hii imekwisha kwa kutu." Nikaomba siki nimwonyeshe. "Siki ya kachumbari?" Wenzake wakacheka, yeye akawasha grainda.

Siki ikitoa povu, hiyo ni chokaa ya maji ya bahari. Hugandia chuma kinacholindwa na zinki, vile vipande vinavyofungwa viliwe na bahari badala yake, kwa hiyo ganda lile lilikuwa habari njema. Unalifunga kitambaa chenye siki saa chache, unakwangua kwa kijiti cha mbao, unasuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Asidi ya kusafishia choo usiisogeze, inaitoboa stenlesi. Na diski iliyokwisha kukata chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya shafti, baada ya siku chache zinapiga kutu, na hapo fundi atakwambia "si nilikwambia?"

Kutu ya stenlesi haikai peupe. Inakaa ndani ya glandi, pale shafti inapotokea nje ya boti, chini ya pakini, ile kamba ya kuziba maji, na ndani ya beringi ya mpira inayoishika shafti, hasa boti ikilala wiki nyingi. Maji yaliyotuama huishiwa na oksijeni na ile ngozi nyembamba inayoilinda stenlesi inashindwa kujirudishia. Shafti ichomolewe yote. Tafuta kitone chenye duara la kahawia, kichokonoe kwa pini: mdomo mdogo, tumbo kubwa.

Wao hawakuchomoa. Nimetoa pakini mwenyewe nikakuta vitobo vinne, kimoja kimemeza pini kama milimita mbili. Pakini yenyewe ya grafiti, ambayo kwenye maji ya chumvi inaila stenlesi. Basi nyota mbili, kwa ajili ya injini.

Halafu propela. Ilikuwa na baka la rangi ya waridi karibu na ncha, yaani zinki iliyochanganywa na shaba ya propela imeshatoka na iliyobaki ni shaba yenye vinyweleo. Wameling'arisha mpaka halionekani! Nimeligonga kwa nyundo ndogo: mapanga mawili yanalia kama kengele, la tatu linalia kama debe lililojaa mchanga.

Moja. Na hiyo moja ni ya injini.