VPN ipi ununue ukiwa Uganda: nilivyozipanga, kutoka ya kwanza hadi ya kufuta leo

Julai 1, 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza kutozwa kwa WhatsApp, Facebook na Twitter, watu ambao hawajawahi kusikia neno VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine, hivyo kampuni ya simu isijue unafungua nini) walikuwa nayo kwenye simu kabla wiki haijaisha, ili kuikwepa kodi hiyo. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, mahali pake ikaja ya asilimia 12 kwenye bando, lakini programu zenyewe zilibaki simuni. Wengi wetu hatukuzichagua, tulirushiwa tu.

Yangu nilipewa na kijana wa duka la simu, faili likatoka simu yake kuingia yangu. Iliomba ruhusa ya kusoma SMS nikakubali bila kufikiri. Miezi ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nimekubali: hapa kwetu SMS ndiyo risiti ya mobile money. Salio lako limo, jina la uliyemtumia limo, na kiasi. Anayesoma SMS zako anasoma pochi yako. Tangu hapo kipimo changu cha kwanza ni hicho, na ni cha bure: VPN haina kazi yoyote na SMS, wala orodha ya majina ya simu. Ikiziomba, iache.

Kipimo cha pili ndicho kinachozua ubishi kila mara wapenzi wa teknolojia wanapokutana. VPN haifuti macho yanayokutazama, inayahamisha. Bila VPN, kampuni ya simu haioni ujumbe wako wa WhatsApp wala nenosiri la benki, kwa sababu vimefungwa kwa njia ya siri tayari, lakini inaona umetembelea tovuti gani na saa ngapi. Na inakujua kwa jina, maana laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Sheria ya mwaka 2010 ya kuingilia mawasiliano inazitaka kampuni hizo ziwe na mitambo inayoruhusu usikilizaji ukiamriwa. Ukiwasha VPN, kampuni ya simu inaona tu kwamba umeunganishwa na seva fulani, na anayeona mengine sasa ni mwenye VPN. Kwa hiyo unaponunua, usinunue kasi wala idadi ya nchi. Nunua mtu asiyeweka kumbukumbu za unayofanya mtandaoni, na aliyewahi kujaribiwa.

Ya kwanza kwangu ni Proton VPN, na nazungumzia ile ya bure. Inatoka Uswisi, kwa watu walewale wa huduma ya barua pepe ya Proton Mail. Haina kikomo cha MB, haina matangazo, msimbo wake (maagizo yanayoiendesha programu) uko wazi kwa yeyote kuusoma, na gharama yake inabebwa na wateja wanaolipa. Utatumia kifaa kimoja kwa wakati mmoja na hutachagua nchi, programu inakuchagulia yenyewe. Kwa mwanafunzi wa Makerere au mwenye duka Arua, hayo yanatosha kabisa. Ukilipa, takriban dola 10 kwa mwezi mmoja mmoja, au pungufu ukichukua mwaka, unapata vifaa 10 na nchi unayotaka.

Kuna watakaokukumbusha kwamba mwaka 2021 Proton ilitoa anwani ya IP (namba inayoonyesha intaneti yako inatokea wapi) ya mwanaharakati wa Ufaransa. Ni kweli. Ilihusu barua pepe, si VPN, na ilifanyika baada ya amri ya kisheria ya Uswisi iliyoitaka ianze kurekodi. Mimi sikuihama kwa sababu hiyo. Hakuna kampuni itakayokwenda jela kwa niaba yako. Kinachofaa kuulizwa ni imebakiza nini cha kutoa pale amri inapofika.

Swali hilo ndilo linaloiweka Mullvad ya Uswidi nafasi ya pili, na kwa faragha peke yake ningeiweka ya kwanza. Haikuulizi jina wala barua pepe. Unapewa namba ya tarakimu 16, basi, hiyo ndiyo akaunti yako (iandike kwenye karatasi, maana ukiipoteza hutakuwa na jina la kuitafutia). Bei ni euro 5 kwa mwezi, takriban shilingi 20,000, ileile uchukue mwezi mmoja au kumi na miwili, kwa vifaa 5. Wabishi husema Uswidi imo katika ule ushirikiano wa kijasusi unaoitwa Macho 14, hivyo haifai. Aprili 2023 polisi wa Uswidi walifika ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi, wakitaka kompyuta zenye data za wateja. Waliondoka mikono mitupu, kwa kuwa data hizo hazikuwepo. Kwangu jibu hilo linazidi ramani yoyote ya nchi salama.

Imeshuka nafasi moja kwa sababu ya pesa. Haina toleo la bure, na euro 5 kila mwezi ni mzigo kwa mtu anayenunua bando la siku. Malipo hufanywa kwa kadi, PayPal, sarafu za kidijitali, au hata noti ndani ya bahasha ya posta. Kama huna kadi ya benki, kadi pepe inayojazwa kutoka mobile money huweza kukusaidia, ila jaribu kwanza kwa mwezi mmoja.

Nafasi ya tatu ni Psiphon, na lazima nieleze inafaa wapi. Ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Toronto kwa ajili ya kuvuka vizuizi, na ikikuta njia moja imefungwa hujaribu nyingine. Januari 2021 mitandao ya kijamii ilipofungwa siku mbili kabla ya uchaguzi, na Tume ya Mawasiliano ikaagiza VPN nazo zizuiwe, ni zana za aina hii zilizohitajika. Ni ya bure, ina matangazo, na haikutengenezwa kukuficha. Iweke kama gurudumu la akiba, na uipakue mapema, kwa sababu siku ya kufungwa duka la programu lenyewe huenda lisifunguke. Jioni ya Januari 13 intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Hapo hakuna VPN iliyofaa kitu, ya bure wala ya kulipia, na muuzaji akikuahidi vinginevyo anakudanganya.

Kisha zinakuja zile kubwa unazoziona kwenye kila video ya YouTube. NordVPN na ExpressVPN zinafanya kazi vizuri, sibishi. NordVPN iliingiliwa kwenye seva moja iliyokodiwa Finland mwaka 2018 na umma ukajulishwa Oktoba 2019, muda mrefu mno kwa bidhaa ya uaminifu. ExpressVPN ilinunuliwa na kampuni ya Kape mwaka 2021 kwa dola milioni 936; Kape hiyohiyo inamiliki VPN nyingine, CyberGhost na Private Internet Access, na pia ilinunua vpnMentor, tovuti inayozipanga VPN kwa ubora. Ukiona orodha ya "VPN 10 bora", tazama kwanza nani mwenye tovuti. Na ile bei ya chini wanayokuonyesha ni ya kulipa miaka miwili kwa mkupuo. Usilipe miaka miwili kwa kitu kinachoweza kuzuiwa mwezi ujao.

Mwisho kabisa, za kufuta: programu yoyote ya bure ambayo huwezi kujua inaishi kwa pesa gani. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba Hola ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wengine. Mtu mgeni anapita kwa anwani yako, na bando ni lako. Onavo, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilijiita mlinzi huku ikiipa Facebook habari za programu watu wanazotumia, hadi ikaondolewa mwaka 2019. UFO VPN iliapa haiweki kumbukumbu, kisha mwaka 2020 kumbukumbu hizo zikakutwa wazi mtandaoni.

Yoyote utakayochukua kati ya zile za juu, chagua WireGuard, mojawapo ya njia ambazo VPN hutumia kuunganisha simu na seva, kwenye mipangilio kama ipo. Huongeza takriban asilimia 4 tu kwenye data unayotumia, na kwa anayehesabu MB hiyo si habari ndogo. Halafu ingia kwenye mipangilio ya Android, sehemu ya VPN, uwashe ile ya kubaki hewani muda wote na ile ya kuzuia intaneti VPN ikikatika. Bila ya pili, mtandao ukiyumba ukiwa kwenye teksi kuelekea Ntinda, simu itarudi kimyakimya kwenye njia ya kawaida na wewe hutajua.