Wavu wa kubadilishia mlango wa mbu: upi ununue, na kwa nini raba ndiyo inayoamua

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Kariakoo, ulizia wavu wa mlango, na utaoneshwa marobota yanayofanana kwa mbali: plastiki, faibaglasi, alumini na waya wa mabati. Muuzaji ataanza na bei. Wewe anza na mlango wenyewe. Je, ni wa alumini, wenye mfereji unaoshika wavu kwa raba, ule ukanda mwembamba wa mpira unaosukumwa ndani yake? Au ni fremu ya skwea paipu iliyochomelewa, wavu ukabanwa kwa flatibaa na skrubu? Tathmini hii ni ya ule wa alumini, kwa nyumba za Dar es Salaam na mwambao wote, ambako hewa ya chumvi haina huruma na chuma.

Tukisema mapema: nunua faibaglasi nyeusi au ya kijivu yenye nyuzi 18 kwa 16, yaani nyuzi 18 kwa inchi upande mmoja na 16 upande wa pili. Weka rula juu ya wavu uhesabu mwenyewe, usitegemee maneno ya karatasi iliyobandikwa kwenye robota. Uzi ukiwa na unene wa milimita 0.28, tundu linalobaki ni kama milimita 1.1 kwa 1.3, na mbu hapiti hapo. Zipo nyavu za nyuzi nyingi zaidi zinazozuia hata visubi, lakini zinakata upepo, na kwenye joto la Februari watu huishia kuacha mlango wazi. Mlango wazi mchana ni hatari pia: Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, huuma mchana.

Kutofautisha faibaglasi na plastiki si kazi. Omba kipande kidogo, toka nje, ukishikilie kwa koleo na kukiwasha kwa kiberiti. Plastiki hujikunja, huyeyuka na kudondosha matone ya moto, kwa hiyo usikishike kwa vidole. Faibaglasi hutoa moshi kwa sababu utando wake wa PVC unaungua, kisha nyuzi za kioo zinabaki zimesimama pale pale, zimepauka, na ukizisugua zinavunjika. Plastiki ya bei rahisi hukakamaa kwa jua, na mlango unaotazama magharibi huimaliza mapema.

Wavu wa alumini ni mzuri kwa Dodoma au Arusha. Haushiki kutu nyekundu na hukaa umenyooka. Lakini mtoto akiusukuma kwa goti, ule mbonyeo haurudi tena, na karibu na bahari huota unga mweupe hadi nyuzi zinakatika. Waya wa mabati tunausema vibaya bila kusita: sumaku inaunasa, na hiyo ndiyo dalili yake. Kila ncha iliyokatwa imepoteza kinga ya zinki, na ncha hizo zote zinafichwa ndani ya mfereji, mahali panapotunza maji. Kutu huanzia usipoiona. Stenlesi ni imara kuliko zote na ghali kuliko zote, ila kwenye fremu ya alumini iliyo wazi kwa chumvi na unyevu, ni fremu ndiyo italiwa.

Kama nyumbani kuna paka au watoto wadogo, gawa kazi kwenye bamba la katikati, kile kipande cha fremu kinachokatiza mlango: juu faibaglasi, chini wavu mzito wa poliesta uliopakwa PVC, ule unaouzwa kama wavu wa wanyama. Ni mnene, kwa hiyo unataka raba nyembamba kuliko ya juu.

Na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwenye raba. Watu hukata kipande cha raba ya zamani na kwenda nacho dukani. Kipande hicho kimeshakauka na kusinyaa, hivyo utauziwa raba nyembamba, na wavu utachomoka mtu akiuegemea tu. Pima mfereji, si raba. Chukua biti za drili ugeuze upande wa shina: ile inayoingia mferejini bila kulegea ndiyo kipimo. Mfereji wa milimita 4 hupokea raba ya milimita 3.5 hadi 4 ukitumia faibaglasi. Iliyo sahihi huingia kwa nguvu ya mkono na kigurudumu. Ikidumbukia kwa kidole, ni ndogo. Ikihitaji nyundo, ni kubwa, na ukilazimisha utapanua mdomo wa mfereji, kosa lisilorekebishika. Chagua yenye mistari ya kung'ata badala ya laini, na usitumie ya zamani tena hata kama inaonekana nzima.

Kwa mlango wa sentimita 90 kwa 210 wenye bamba la katikati, nunua wavu mita 2.3 kutoka robota la upana wa mita 1.2, na raba mita 8. Ongeza kigurudumu cha kusukumia raba chenye magurudumu mawili, moja lenye mgongo wa mviringo na jingine lenye bonde. Bisibisi haiwezi kuchukua nafasi yake, kwani huteleza na kuchana wavu.

Ng'oa mlango kwenye bawaba uulaze juu ya meza au sakafu yenye blanketi, mfereji ukitazama juu. Toa raba kuukuu, sugua mfereji kwa mswaki mkavu. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 5, fremu imepinda na lazima uinyooshe kwanza. Kata kijiti cha mbao sawa na upana wa ndani, ukitege katikati ya fremu, chini ya usawa wa wavu, ukitoe mwishoni. Bila kijiti hicho wavu huvuta pande ndefu kuelekea ndani, fremu inakuwa na kiuno, na mlango haukutani tena na mwimo.

Tandaza wavu ukizidi sentimita 5 kila upande, nyuzi zikienda sambamba na fremu. Anza upande mfupi wa juu, fuata mrefu mmoja, kisha mrefu wa pili, malizia chini. Sukuma raba kwa gurudumu la bonde, kidogo kidogo, mkono mwingine ukinyoosha wavu bila kuuvuta. Hapa ndipo watu hukosea kwa bidii: wavu hukazwa na raba yenyewe inapozama. Ukiuvuta kabla, utakaza mara mbili na fremu itapinda. (Kwa wavu wa alumini, pitisha kwanza gurudumu la mgongo kuukunja mferejini, ndipo uweke raba.) Kwenye kona kata wavu mshazari ili usijikunje. Mawimbi yakitokea, chomoa raba hadi pale yalipoanzia. Ziada ikatwe kwa kisu kipya, makali yakielekea nje ya fremu.

Viraka vya kubandika vinafaa kwa tundu dogo kwenye mlango wenye kivuli. Kwenye jua gundi hulegea na kukusanya vumbi. Wavu wa waya una tiba bora: kata kipande kinachozidi tundu sentimita 2.5 kila upande, chomoa nyuzi chache za pembeni, kunja ncha zilizobaki, zipenyeze kwenye wavu na uzilaze upande wa pili.

Kona ikilegea, usiongeze skrubu za chuma cha kawaida. Toboa ribiti kuukuu, ile pini inayounganisha kona. Kama ilikuwa ya milimita 4 na tundu limepanuka, panda hadi ya 4.8 ya alumini, tundu la biti ya milimita 4.9 au 5. Kagua pia bamba la chini kama limejaa mchanga na maji. Tundu moja au mawili ya milimita 5 upande wa chini huliruhusu kukauka.

Ukishaurudisha mlango, funga usiku, washa taa ndani na utazame kutoka nje. Mwanga unaochungulia chini ya mlango ndiyo njia ya mbu. Pima pengo hilo na uongeze ukanda wa brashi, nywele zikigusa sakafu bila kupinda.