Ndoo ya matone ya Mbuyuni, Moshi: nunueni jamani

Kama una kabustani nyuma ya nyumba na bili ya maji inakuumiza, kuna fundi pale Mbuyuni anauza ndoo ya lita 20 yenye koki na mpira wa vitundu, unaiweka juu kama mita moja hivi maji yanashuka yenyewe tone tone mpaka kwenye shina la nyanya, katikati ya matuta kunabaki pakavu kwahiyo hata magugu yamepungua. Naipenda mno! Ila chujio haweki na vitundu vinaziba haraka, funga kipande cha kanga iliyochakaa juu ya ndoo kabla ya kumimina. Mi natandaza na majani makavu ya migomba, udongo unakaa na unyevu hata jua likiwaka vipi. Maji ya kuoshea mchicha nayo namimina humo humo.