Wiki kumi za sosholojia, na kalamu yangu ya masjala

Mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini. Kutwa najaza fomu: umri, dini, kazi, ameoa au hajaoa, na kwa waliotutoka, sababu ya kifo, ambayo daktari huandika na mimi nikainakili kwenye daftari kubwa. Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya utangulizi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, wiki kumi, nikisoma usiku baada ya zamu. Naisifu sana, ila yapo yaliyoniudhi.

Wiki mbili za mwanzo zilikaribia kunitoa. Auguste Comte ndiye aliyelieneza jina la somo katika miaka ya 1830, sawa. Halafu wanafikra wengine wa jamii, Marx, halafu Weber, kila mmoja na picha yake na maana yake ya kukariri. Unaulizwa sosholojia ni nini kabla hujamwona hata mwanasosholojia mmoja akifanya kazi. Anayetaka kujiunga avumilie, asiache hapo.

Wiki ya tatu mwalimu akaleta majedwali ya Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, utafiti wa mwaka 1897 kuhusu watu kujiua. Hilo nililihesabu kuwa siri ya mtu na nafsi yake. Lakini wanaokufa ni watu wengine kila mwaka, na kiwango cha kila nchi kinakaa karibu palepale. Waprotestanti wako juu ya Wakatoliki, wasio na ndoa juu ya walio nayo. Durkheim akasema tusimtazame mtu peke yake, tutazame jinsi kundi lake lilivyomshika. Nilirudia somo hilo mara tatu.

Kisha mwalimu akauliza: hizi namba ziliandikwa na nani? Nikaweka simu chini. Nimewahi kusimama mezani kwangu na mzee wa watu ananishika mkono, ananisihi, "Mwanangu, andika alianguka tu." Sikuandika, kwa kuwa neno si langu, ni la daktari. Ila nilijua wapo waliosihi mapema kuliko yeye, kwa mtu mwenye uwezo wa kuwasikiliza. Kama aibu ni nzito zaidi kwenye dini moja kuliko nyingine, basi tofauti iliyomo kwenye jedwali huenda kwa sehemu ni ya kalamu. Mwalimu alilieleza hilo bila kumdharau Durkheim, na kwangu hiyo ndiyo saa bora ya kozi nzima.

Zoezi la wiki ya tano nalo lina thamani yake. Uvunje kanuni ndogo isiyoandikwa popote, isiyomdhuru mtu, kisha uandike kilichotokea. Nilikwenda kwenye benchi la kusubiri, refu, tupu, mama mmoja ameketi mwishoni. Nikakaa ubavuni pake kabisa. Alivuta mkoba akaupakata. Akatazama nafasi zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, halafu akanitazama mimi. Hakusema neno. Uso ulinipata joto, nikahesabu hadi arobaini nikashindwa, nikamwomba radhi na kumweleza. Durkheim alifundisha kwamba jambo la kijamii lina nguvu ya kutulazimisha, na nguvu hiyo unaihisi unapojaribu kulipinga. Sasa naielewa kwa ngozi yangu.

Malalamiko yangu mawili. Ripoti ya zoezi hilo niliiandika kurasa tatu, ikarudi na alama bila hata sentensi moja ya maelezo. Mtu ameaibika kwa ajili ya somo lako, mwambie basi alichokiona vizuri na alichokikosa! La pili ni zito zaidi: Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Afrika Kaskazini aliyeandika mwaka 1377 juu ya asabiya, ule mshikamano unaojenga dola na kulegea kwake kukaiangusha, hatajwi kabisa. Wala W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba Philadelphia na kuchapisha mwaka 1899 utafiti wake juu ya watu weusi wa mji huo. Kozi inayotuuliza nani kaandika namba imesahau kujiuliza nani kaandika orodha ya waasisi.

Sauti ni safi, na masomo yanapakuliwa ukasikiliza bila intaneti. Naipa nyota nne kati ya tano. Nimeshajiandikisha ngazi inayofuata, ya mbinu za utafiti. Somo la kwanza ni namna ya kutunga dodoso, na nina maswali mengi kuhusu visanduku ninavyovijaza kila siku.